Kambale wa huku, Bwambale wa kule: kwa nini fakilte yetu isome majina ya watu

Majina ya watu hayapewi nafasi kubwa katika masomo yetu. Tunayagusa kwa saa chache, tunataja vitabu vya Ulaya, kisha tunapita. Muhula huu nimejipa kazi ya kusoma zaidi kuhusu majina ya ukoo ya Wajerumani: yalitoka wapi, na kwa nini yanabadilika kutoka jimbo moja hadi jingine. Kila ukurasa umenirudisha hapa Keshero, kwenye kartiye ambamo Mnande wa Lubero, Mhunde wa Masisi, Mshi wa Walungu na msemaji wa Kinyarwanda wa Rutshuru wanachota maji kwenye robine moja, na kila mmoja ana desturi yake ya kumpa mtoto jina.

Ninatetea mambo mawili. La kwanza, jina linaloandikwa kwa namna mbili au tatu katika Kivu ni ushahidi wa lugha, na sisi watu wa lugha tunapaswa kulitunza badala ya kulisahihisha kwa haraka. La pili ni zito zaidi: mbele ya macho yetu, majina yanayotaja nafasi ya mtoto katika uzao yanageuzwa kuwa majina ya ukoo, bila mzee wa ukoo, bunge wala mwalimu yeyote kuamua hivyo. Masanduku ya fomu ndiyo yanayoamua. Nadhani fakilte ya lugha haiwezi kukaa kimya.

Tuanze na Wajerumani

Chukua jina Meyer. Asili yake ni neno la Kilatini maior, yaani aliye mkubwa zaidi. Katika zama za kati lilimtaja msimamizi wa mashamba ya bwana. Kazi hiyo ilikuwepo kila mahali, basi jina likazaliwa kila mahali, na kila mahali likavaa nguo za kwao. Kaskazini linaonekana sana kama Meyer, kusini kama Maier na Mayer, na kwa watu wa Bavaria na Austria utakuta Mayr na Mair. Mhunzi ni Schmidt katika sehemu nyingi, lakini ni Schmitz kandokando ya mto Rhine upande wa Köln, na Schmid kusini mpaka Uswisi. Mfinyanzi ni Töpfer upande wa mashariki, Hafner kusini, Euler kwa watu wa Hesse, kwa sababu lahaja zilikuwa na maneno tofauti kwa kazi moja. Kaskazini mtoto wa Peter aliitwa Petersen. Kusini-magharibi udogo huonyeshwa kwa tamati -le, na Uswisi kwa -li.

Mambo haya hayakukisiwa. Konrad Kunze na Damaris Nübling waliongoza kazi ya Deutscher Familiennamenatlas, atlasi ya majina ya ukoo iliyotoka katika mabuku makubwa kati ya 2009 na 2018. Data yao ilikuwa kitu cha kawaida kabisa: orodha ya wenye simu za nyumbani za mwaka 2005. Walihesabu maumbo ya majina kwa kila eneo, wakachora ramani. Mpaka wa lahaja ambao zamani mtu aliutafuta kwa kuwahoji wakulima kijiji kwa kijiji, leo unaonekana pia katika majina ya wenye simu.

Tofauti hizo zilibaki kwa sababu ziligandishwa. Kwa karne nyingi padri wa parokia aliandika alivyosikia, na ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuandikwa kwa namna mbili. Tangu tarehe 1 Januari 1876, ofisi za serikali zilianza kuandikisha watu katika dola zima la Ujerumani, na tahajia ikasimama pale ilipokuwa imefika. Tena, si Wajerumani wote waliokuwa na jina la kurithi tangu zamani. Kwa Wafrisia wa pwani ya kaskazini-magharibi, mtoto alibeba jina la baba yake, na jina hilo lilibadilika kila kizazi. Mwaka 1811, nchi yao ikiwa chini ya Napoleon, ilitolewa amri kwamba kila familia ichague jina moja la kudumu.

Hao Wafrisia ndio wenzetu. Tukitaka mfano wa Ulaya unaotuhusu, tuwaache kwanza akina Meyer tuwaangalie wao: watu waliokuwa na mfumo kamili wa majina, wakaambiwa siku moja kwamba mfumo huo haujazi fomu.

Watoto wanaohesabiwa

Kila mtu wa Goma anajua kwamba Wanande huhesabu watoto. Wavulana wana mstari wao na wasichana wana wao. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho, na mbele zaidi utakutana na Katungu. Jinsia ikibadilika katika mfululizo wa watoto, jina linaweza kutangaza badiliko hilo: Muhindo kwa mvulana, Kahindo kwa msichana. Mimi mwenyewe ni Kasereka. Mtu wa Butembo akisikia jina langu anajua mara moja kwamba nina kaka wawili, na huniuliza wako wapi.

Sasa vuka Kasindi, uingie Uganda, upande Rwenzori kutoka upande wa Kasese. Ndugu zetu Wakonzo wana mstari uleule, lakini Paluku ameitwa Baluku. Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo. Kwa wasichana, Kavira ni Biira, Kavugho ni Kabugho, Katungu ni Ithungu. Wengine hawakubadilika hata kidogo: Mbusa ni Mbusa pande zote mbili, Masika ni Masika, Mumbere ni Mumbere. Mfalme wa Rwenzururu ambaye serikali ya Uganda ilimtambua mwaka 2009, Charles Wesley Mumbere, ana jina ambalo mama yeyote wa Beni angeliweza kumpa mwanawe.

Mwanafunzi wa isimu akiona orodha hizi mbili anapaswa kusikia njaa. Angalia ka-. Katika Kinande, kama katika lugha nyingi za Kibantu, ka- ni kiambishi cha ngeli ya udogo. Upande wa Kongo kimeingia karibu katika mstari mzima: Ka-mbale, Ka-sereka, Ka-kule, Ka-tembo, Ka-vira, Ka-tungu. Upande wa Uganda, majina hayohayo yana bwa-, ma-, i-, au hayana kiambishi. Mzizi ni mmoja, mofolojia ni mbili. Ni sawa kabisa na -le ya Waswabia na -li ya Waswisi, ila sisi tunaweka udogo mwanzoni na wao mwishoni.

Halafu angalia v na b. Kavira na Biira, Kavugho na Kabugho: masikio yanasema nini? Sauti ya Kinande ni ile ambamo midomo miwili inakaribiana bila kufungana. Kifaransa hakina sauti hiyo, Kiingereza pia hakina. Waliosoma kwa Kifaransa wakachagua v, waliosoma kwa Kiingereza wakachagua b. Hapo lugha haikubadilika, kilichobadilika ni kalamu. Vilevile irabu ndefu ya Biira imeandikwa kwa herufi mbili kule, na huku hatuiandiki. Na th ya Thembo na Ithungu ni alama ya ortografia ya Lhukonzo ambayo sisi hatukuipokea. Tukishatenga yaliyo ya kalamu na yaliyo ya ulimi, tunabaki na maswali halisi: kwa nini Mbusa hana ka-? Kwa nini Mumbere alibaki mzima pande zote? Kuna TFC ngapi ndani ya maswali haya mawili?

Mstari unaotenganisha orodha hizi si wa lugha. Ulichorwa katika mazungumzo ya Brussels ya mwaka 1910 kati ya Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani, na kazi ya kuukamilisha mlimani ikaendelea baadaye. Ndiyo, Wajerumani walikuwepo: ziwa letu lilikuwa mpaka wao, na Gisenyi ilikuwa mji wao. Waliokaa mezani hawakuwa wakifikiria majina ya watoto. Lakini mstari wao ndio ulioamua nani atasomeshwa kuandika Kavira na nani Biira.

Jambo hili halipo kwa Wanande peke yao. Tuangalie nchi nzima. Mtu wa Kinshasa anaandika Kasa-Vubu. Ng'ambo ya mto, Brazzaville, ambako Wafaransa wenyewe walitawala, wanaandika Youlou na Massamba-Débat, kwa ou na s mbili. Herufi u ya Kongo yetu na ou ya Kongo yao zinataja Ubelgiji na Ufaransa, hazitaji Kikongo. Kasai wanaandika Tshisekedi kwa tsh. Bukavu sauti inayofanana nayo huandikwa kwa c tupu, kama Cibalonza, na rh ya Murhula humshangaza kila mgeni. Hata Kiswahili chetu kina alama yake. Jina Byamungu, ambalo kila avenyu ya Goma na Bukavu inalo, lina bya- pale ambapo mtu wa Mombasa angesema vya. Msomaji wa Pwani akiliona anajua limezaliwa maziwani.

Pale jina linapoanza kusema uongo

Mpaka hapa nimeongea kama mtu anayefurahia vipepeo. Sasa niseme linaloniuma.

Mtoto wa mama yangu mdogo alizaliwa Bwera, ng'ambo ya Kasindi, akaandikwa Thembo. Alipokuja kusoma Goma, shule aliyoingia ilimwandika Katembo, kwa nia njema, kwa kuwa "hivyo ndivyo inavyoandikwa". Diploma yake ya serikali ina Katembo. Cheti chake cha kuzaliwa kina Thembo. Alipopata nafasi ya kuendelea na masomo Kampala, waliokagua karatasi walisema hawa ni watu wawili. Ilibidi atafute hati ya mahakama, na hati ilipotoka, nafasi ilikuwa imepewa mwingine. Kwa mtu wa isimu, Thembo na Katembo ni jina moja katika lahaja mbili. Kwa karani, ni udanganyifu. Kati ya hukumu hizi mbili hakukuwa na hata ukurasa mmoja uliochapishwa ambao kijana angeweza kuuweka mezani na kusema: someni hapa.

La pili ni la polepole, na halitoi machozi, ndiyo maana linanitisha zaidi. Kaka yangu wa pili, kwa kawaida, ni Kambale. Amezaa mvulana wake wa kwanza. Kwa hesabu ya wazee mtoto ni Paluku. Lakini alipoandikishwa, aliyeandika aliuliza: "Jina la familia?" Kaka akajibu jina lake. Mtoto ni Kambale. Jina lake linasema yeye ni mvulana wa pili, na yeye ni wa kwanza. Akifuata msichana, naye ataandikwa Kambale, jina la mvulana. Baada ya vizazi viwili, Kambale litakuwa kama Schmidt: sauti isiyosema kitu, ambayo mwenye nayo ataenda kutafuta maana yake katika kamusi. Schmidt wa leo ni daktari au dereva, hajawahi kushika nyundo. Hakuna ubaya. Lakini Schmidt alipoteza maana kwa karne nyingi, taratibu, kadiri ufundi ulivyoacha kurithiwa. Sisi tunapoteza kwa siku moja ya kuandikisha shule.

Hapa lazima tuiangalie historia ya masanduku matatu ya fomu zetu. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaire. Januari 1972, Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, na raia wote wakaamriwa kuacha majina ya Kizungu. Kardinali Malula alipinga, na mwaka huohuo akaondoka kwenda Roma. Ndipo lilipoenea lile tunaloliita postnom, jina linalofuata jina, likijaza pengo la jina la ubatizo. Prénom zikarudi baadaye, postnom ikabaki. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na haimruhusu mtu kubadilisha jina lake wala tahajia yake bila mahakama.

Someni vizuri sheria hiyo. Inadai urithi wa utamaduni, lakini haidai jina la ukoo la kurithi kama la Ulaya. Haimlazimishi baba Kambale kumwita mtoto Kambale. Wazo kwamba familia lazima iwe na jina moja limekuja kwa mlango mwingine: fomu za viza, sinema, vitabu vya shule, na aibu ndogo ya kuulizwa kwa nini mtoto wako hafanani nawe kwa jina. Masanduku matatu yenyewe yanatosha kabisa. Mtu kama Julien Paluku Kahongya, aliyekuwa gavana wa jimbo letu, ana Paluku inayosema nafasi yake na Kahongya inayomtenga na akina Paluku wengine. Vivyo hivyo Kambale Kavutirwaki, ambaye pamoja na Ngessimo Mutaka alitoa kamusi ya Kinande na Kifaransa iliyochapishwa Tervuren mwaka 2012. Wazee walikuwa wamekwisha kupata suluhisho: jina la kwanza linahesabu, la pili linatambulisha. Anayetaka jina la ukoo aliweke katika postnom, na hesabu ibaki mahali pake.

Wengine katika mji huu wana mfumo tofauti, na fomu inawabana vilevile. Kwa wasemaji wa Kinyarwanda, desturi ni kumpa kila mtoto jina lake lenye maana, Habimana kwa mmoja, Uwimana kwa mwingine, bila la ukoo. Tanzania mtu hubeba jina lake, la baba na la babu: Nyerere lilikuwa jina la baba yake Julius Kambarage, si la ukoo wa kale. Waluba wana Mbuyi na Kabanga kwa mapacha, Wasukuma wana Kulwa na Doto. Kila mmoja wa mifumo hii ni sarufi ndogo, na fomu moja yenye swali "Jina la familia?" inaijibu kwa kuifuta.

"Unataka kutupangia watu kwa makabila?"

Nilipowaeleza wenzangu wazo la kukusanya majina na kuchora ramani, jibu la kwanza lilikuwa hili, na ni jibu zuri. Katika Kivu, jina husomwa kabla ya uso. Mtu anasimamishwa njiani, anatoa kadi, na macho yanaenda moja kwa moja kwenye jina. Jirani zetu Rwanda waliishi na kitambulisho kilichoandikwa kabila, kilicholetwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, na kila mtu anajua kilitumiwa kwa nini mwaka 1994. Ramani ya majina inaweza kuwa zawadi kwa watu wabaya.

Ninalichukua jibu hili kwa uzito, na ndiyo maana sitaki orodha ya watu. Atlasi ya Wajerumani haina mtu ndani yake. Ina maumbo na mahali: -le huku, -li kule. Sisi tunaweza kwenda na tahadhari zaidi yao, kwa kutokusanya chochote isipokuwa umbo la jina, lugha iliyolizaa na mkoa mpana, na kwa kutochora ramani ya kartiye hata moja. Lakini nina jibu la pili. Anayetaka kuwatenga watu kwa majina hatungojei sisi. Anasoma tayari, na anasoma vibaya. Kinachompa nguvu ni imani kwamba jina ni damu. Uchunguzi wa kweli ndio unaovunja imani hiyo. Katika avenyu yetu kuna mtoto wa familia ya Kishi anayeitwa Kambale, kwa sababu baba yake alimpa jina la rafiki aliyemsaidia wakati wa shida. Amani, Bahati, Furaha, Mateso, Masumbuko, Safari ni majina ya kila lugha ya jimbo hili. Majina yanahama, yanaazimwa, yanatolewa kama shukrani. Mwanaisimu anayeonyesha hayo kwa data anamnyang'anya msomaji wa kadi silaha yake. Tukinyamaza, tunamwachia yeye peke yake kazi ya kufasiri majina yetu.

Kuna pingamizi jingine, la walimu: kwamba majina ni jambo la anthropolojia au la sheria. Nadhani orodha zangu mbili hapo juu zimejibu. Kiambishi cha udogo, konsonanti ya midomo miwili, urefu wa irabu, toni ambazo hakuna kadi inayoziandika: hii ni fonolojia na mofolojia, yaani kazi yetu ya kila siku, ikiwa imeandikwa kwenye kadi ya kila mtu.

Na kuna pingamizi la wazazi, ambalo sitalidharau. Mama mmoja aliniambia: "Mtoto wangu akienda Ulaya, nani atajua kwamba ni wangu?" Ana haki. Jina la ukoo lina faida zake: urithi, viza, hospitali, kutafutana wakati wa kukimbia. Sisemi familia zikatazwe kuwa nalo. Ninasema zichague zikijua, na ziliweke mahali ambapo halifuti jina jingine.

Tunachoweza kufanya bila kungoja pesa

Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilikuwa mwaka 1984. Tangu hapo, kitambulisho cha wengi ni kadi ya uchaguzi, na kwa uchaguzi wa 2006, wa 2011, wa 2018 na wa 2023, watu walijipanga upya, wakataja majina yao upya, na mtu mwingine akayapiga upya kwenye mashine. Mtu mzima wa Goma anaweza kuwa na kadi kadhaa katika sanduku lake, na tahajia zaidi ya moja. Wajerumani wa 1876 waligandisha mara moja. Sisi tunayeyusha na kugandisha kila miaka michache. Hiyo ni shida kwa mwenye kadi, lakini pia ina maana kwamba mlango haujafungwa. Bado tunaweza kusema neno kabla maandishi hayajakauka.

Ninapendekeza mambo matatu kwa fakilte. Kwanza, daftari la majina. Kila mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza, alete majina ishirini ya lugha anayoijua kutoka kwa wazee wa kwao: umbo, toni, maana, nafasi au tukio linalotaja, na namna zote za kuliandika alizoziona. Bila majina ya watu binafsi, bila anwani. Darasa moja likifanya hivyo miaka mitano, tutakuwa na kitu ambacho hakipo mahali pengine.

Pili, karatasi ya ulinganisho. Ukurasa mmoja kwa kila lugha, wenye sahihi ya fakilte, unaosema kwa mfano kwamba Katembo na Thembo, Kavira na Biira, Paluku na Baluku ni maumbo ya jina moja. Haitakuwa sheria. Itakuwa ushahidi wa mtaalamu ambao mtu anaweza kumpelekea karani, mwalimu mkuu au hakimu. Kwa mtoto wa mama yangu mdogo, ukurasa kama huo ungekuwa na thamani kuliko makala zote ninazozisoma kuhusu Schmitz na Schmid.

Tatu, mazungumzo na komini. Wanaoandikisha watoto hawana ubaya, hakuna aliyewaeleza. Asubuhi moja na makarani, tukiwaonyesha kwamba swali "Jina la familia?" linaweza kuulizwa kwa namna nyingine, yaani "Mtoto ameitwa nani, na postnom yake ni ipi?", ingeokoa majina mengi kuliko semina ya siku tatu kuhusu kutoweka kwa lugha za Kiafrika.

Tunapenda kusema katika kumbi zetu kwamba lugha hufa pale watoto wanapoacha kuizungumza. Katika Goma watoto wengi wa Wanande wanacheza, wanagombana na kuota kwa Kiswahili. Kinande chao kimebaki katika salamu, katika vyakula viwili vitatu, na katika jina. Kwa baadhi yao, ile ka- iliyo mwanzoni mwa jina ndiyo mofimu ya mwisho ya lugha ya mababu wanayoibeba kila siku. Fakilte iliyoundwa ili kuzisoma lugha hizo inaweza kuwaeleza inamaanisha nini, na inaweza kuanza muhula ujao.